Breka ya Cheche Ilivyoingia Chumbani

Chukua hita ya wati 1,500 kando ya kitanda katika nyumba ya Marekani, yenye umeme wa volti 120. Inavuta ampea 12.5. Waya wake ukibanwa na mguu wa kitanda hadi nyuzi za ndani zikakatika, cheche zitaruka penye pengo, ganda la waya litaungua, na breka ya ampea 15 itatulia tu. Breka haina kosa: kazi yake ni kukata mkondo unapozidi au shoti inapopiga. Cheche za namna hii hazizidishi mkondo, zinaupunguza.

Kanuni ya umeme ya nchi hiyo, NEC, katika toleo la 1999 ilidai ulinzi dhidi ya cheche kwa saketi za soketi za vyumba vya kulala, ila ikatoa muda hadi Januari 1, 2002. Toleo la 2002 likaongeza taa na ving'ora vya moshi vya humo chumbani.

Tatizo lilikuwa kwenye kifaa chenyewe. Breka za cheche za kwanza zilipimwa kwa cheche za ampea 75, yaani zile za waya wa moto kugusana na nyutro au ethi. Hita yetu ingeungua bila kuzishtua. Toleo la 2005 ndilo lililodai breka zinazonasa cheche kuanzia ampea 5, nalo likasubiri hadi 2008. Kwa maoni yangu kutangulia huko kwa sheria kulifaa, maana bila soko la lazima sidhani kama viwanda vingejisumbua.

Na kazi yenyewe ni ngumu. Mkondo hupita sifuri mara 120 kwa sekunde. Kila mara cheche huzimika kidogo kisha huwaka tena, ikiacha bapa kwenye wimbi pamoja na kelele za masafa ya juu. Lakini drili nayo hutoa cheche kwenye brashi za mota, na dima hukatakata wimbi. Breka isiyotofautisha hayo itazima chumba ovyo, na mwenye nyumba ataing'oa.

Hata iliyo bora ina mipaka. Skrubu iliyolegea kwenye soketi inaweza kuiva nyekundu bila kutoa cheche, wimbi likabaki laini. Na taa ya kitandani inayovuta nusu ampea iko chini kabisa ya kiwango cha majaribio.