Kiinimacho Bila Studio: Namna ya Kupima Picha ya Mtoto Anayeelea

Mzazi wa Bungulu, mjini Beni, mwenye simu mkononi anaweza kumfanya mwanawe aelee hewani au aushike mlima, bila studio wala programu. Ugumu uko kwenye kutambua ipi imefaulu kati ya picha nyingi alizopiga. Iliyofaulu hutengenezwa kabla ya kubonyeza, mwanga, mahali na mtoto vikiwa vimeshapatana. Ikague hivi.

Anza na ardhi. Wengi hukimbilia uso. Wewe tazama kivuli. Cha mtoto anayeelea lazima kiachane na nyayo zake. Beni iko karibu sana na ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa utosini na kivuli hujikusanya chini ya mtoto. Saa za kazi ni saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri. Wakati huo akiruka sentimita 20 tu, kivuli cha nyayo huangukia zaidi ya sentimita 30 pembeni.

Panda hadi miguuni na mashavuni. Picha ya kuelea hunaswa kileleni mwa mruko, pale mwili unapotulia kabla ya kushuka. Vidole vya miguu vinaelekea chini, magoti yamelegea, pindo la gauni halijapeperuka. Midomo iliyobanwa na ngumi zilizokunjwa humsaliti mrukaji. Anayeijua kazi huinamisha simu hadi karibu iguse udongo, maana lenzi iliyo chini humwongezea mtoto kimo, kisha hupiga mfululizo na kubakiza moja.

Tazama vitu vinapogusana. Anga likitakata asubuhi, Rwenzori huonekana kutoka mjini. Kilele chake kikuu, Margherita, kina mita 5,109, lakini mtoto anaweza kukibana kwa vidole viwili kama anayeinua kifuniko cha sufuria. Ufa mwembamba wa anga kati ya vidole na kilele huiua picha. Vidole vikiifunika theluji ya kileleni, huiua picha pia. Kipimo kigumu zaidi ni macho. Mtoto haoni mlima kwenye vidole vyake, anaona hewa tupu, na bado anapaswa kuitazama hewa hiyo kwa mshangao. Zima ule mpangilio wa simu unaofifisha mandhari ya nyuma, la sivyo mlima utabaki ukungu.

Fuata kingo. Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu, aliunganisha picha kwa mkono kabla ya zama za kompyuta. Kazi ya namna hiyo hupimwa pale kipande kimoja kinapokutana na kingine. Mfano mwingine ni wa mwaka 1917, huko Cottingley, Uingereza: Elsie Wright na binamu yake mdogo Frances Griffiths walipiga picha wakiwa na viumbe vidogo vyenye mabawa. Mwandishi Arthur Conan Doyle aliziamini. Mwaka 1983 mabinamu hao walikiri kwamba vilikuwa michoro ya karatasi iliyosimamishwa kwa pini za kofia. Zitazame leo: mashavu ya wasichana yana mviringo wa mwanga na kivuli, viumbe vile ni bapa.

Malizia na mtoto mwenyewe. Picha hizo za Cottingley zina uhai hadi leo kwa sababu watoto ndio walioubuni mchezo. Picha ambayo mtoto amerushwa juu, amepandishwa ukutani au ametishwa ili ashangae haistahili alama hata moja, hata kivuli chake kikiwa sahihi. Silaha ya bandia nayo haina nafasi hapa. Watoto wa Beni wameishi karibu mno na za kweli. Mwonyeshe picha, mweleze siri yake, kisha muulize mfanye nini tena. Mtoto anayeijua siri huganda pale panapotakiwa kuganda na kucheka pale panapotakiwa kicheko, na hapo ndipo ubora unapoanzia.