Duara la Buluu Ukutani: Nimebonyeza, Nanyala Imepata Joto

Sijavua hata sweta, naandika. Ni saa moja na nusu asubuhi, Julai, Nanyala. Malori ya Tunduma yanapita barabara kuu yakiwa bado yamewasha taa, mvuke unawatoka watu midomoni, na mimi nimesimama mbele ya ukuta wa ofisi ambao rangi yake bado inanukia, nimekodolea macho kitu cheusi cha mraba chenye duara katikati. Jamani, hatimaye! Madoka, rimoti ya ukutani ya viyoyozi vya Daikin, ile niliyokuwa naitazama kwenye simu usiku kama mtu anayetazama picha za mchumba.

Kwanza udogo wake. Milimita 85 kwa 85! Ukipita haraka utadhani ni swichi ya taa. Halafu vitufe: vitatu tu, vya kugusa. Kutoa kushoto, kujumlisha kulia, duara katikati. Basi. Mimi nimekulia kwenye rimoti za mkononi zilizofungwa nailoni, zinazolala kwenye droo ya bosi, ambazo betri zake kila mwezi zinahamia kwenye redio ya mtu. Hii haina betri hata moja. Umeme wake inaupata kwenye nyaya mbili zilezile zinazobeba mawasiliano kwenda kwenye mashine za darini, na nyaya hizo hata ukizigeuza, huu hapa na ule kule, haijali. Na kwa kuwa imepigwa skrubu ukutani, haipotei na hakuna wa kuificha.

"Kaka, subiri kwanza nimalize," fundi anayeifunga akaniambia, bisibisi mdomoni.

"Mdogo wangu, mguso mmoja tu."

Akacheka, akasogea. Nikaweka kidole kwenye duara nikashikilia. Duara likawaka buluu. Buluu tulivu, si ile ya taa za baa. Nilipiga kelele, na sioni aibu kusema.

Sasa njoo kwenye raha yenyewe. Ukigusa duara kwa kifupi unaingia ndani, na ndani hakuna hadithi ndefu za Kiingereza, kuna alama. Theluji ni ubaridi. Tone la maji ni kukausha hewa. Feni ni feni. Na jua, hilo jua dogo, ndilo lililonitoa nyumbani alfajiri. Dar es Salaam na Tanga watu wanaishi kwenye theluji mwaka mzima, jua hawalijui hata lina kazi gani. Ndiyo maana ukimwambia mtu wa huku Mbozi kwamba jengo limefungwa kiyoyozi anakuuliza cha nini, baridi yote hii? Swali zuri sana! Huku kwenye mashamba ya kahawa, Juni na Julai, hakuna anayehitaji kupozwa. Tunahitaji kupashwa. Na mashine hii inapasha kwa kuugeuza mzunguko wa gesi wa friji: ile mashine ya nje inanyonya joto kutoka kwenye hewa ya nje, hata hiyo hewa inayokung'ata masikio, na kulisukuma ndani. Haichomi waya mwekundu kama hita ya umeme. Inahamisha joto tu, kwa hiyo uniti za LUKU hazikimbii vile unavyohofia.

Nikachagua jua. Nikagusa kujumlisha mpaka 22. Nikasubiri upepo wa moto.

Kimya.

Dakika nzima, kimya. Nikamtazama fundi, fundi akanitazama, na mimi tayari nilikuwa naandaa maneno ya kuisema. Yeye akanyoosha kidole kuelekea darini: "Hiyo inajipasha kwanza. Ikianza kupuliza sasa hivi itakupulizia baridi." Ndivyo ilivyo. Feni ya ndani inazuiwa mpaka mabomba yapate joto, ili usipigwe na upepo wa baridi ukiwa umeomba moto. Adabu iliyoje! Halafu vibao vya hewa vikafunguka polepole, na kitu cha vuguvugu kikanishukia kwenye utosi. Nilivua kofia.

Fundi akaongeza onyo ambalo kila mlinzi wa jengo kama hili anapaswa kulisikia. Asubuhi ya baridi kali na unyevu, mashine ya nje inaweza kushika barafu. Ikishika, inaiyeyusha yenyewe: joto ndani linasimama kwa muda, na huko nje mvuke mweupe unafuka kama sufuria ya ugali. Si moto huo. Usiimwagie ndoo ya maji.

Nikahamia chumba cha pili nikijifanya mtaalamu. Pale nikagusa rimoti ya huko, nikatafuta jua nibadilishe, likagoma. Hapa ndipo penye utamu kwa sisi wagonjwa wa vitu hivi. Vyumba vyote vinategemea mashine moja ya nje, na mashine ya aina hiyo haiwezi kupasha huku na kupoza kule kwa wakati mmoja. Kwa hiyo rimoti moja inateuliwa kuwa kiongozi: hiyo ndiyo inayoamua jengo lipashwe au lipozwe, nyingine zinafuata, zikibaki na uhuru wa nyuzijoto na kasi ya feni. Kuna alama ndogo kwenye kioo inayokueleza kwamba wewe hapa ni mfuasi. Nimeshaona siasa za ofisi hii zitakavyokwenda. Anayekaa na rimoti kiongozi atasalimiwa vizuri kuliko meneja.

Na rimoti moja inaweza kuamuru mpaka mashine 16 za ndani kama kundi. Kumi na sita, kwa kidole kimoja!

Jambo ambalo wengi hawalijui: hiki kidude ndani yake kina kipimajoto. Fundi anaweza kuiambia mashine isome joto hapa ukutani, tunapokaa sisi, badala ya kule darini ambako joto hupanda na kujikusanya. Kwa huku kwetu tofauti hiyo ni kubwa. Lakini basi usikipige skrubu mahali pa kupigwa jua la dirishani, wala karibu na birika la chai, kitadanganyika na kuwanyima wote joto.

Wazo la kupima joto ukutani ni la mwalimu, si mhandisi wa kiwanda. Warren Johnson, aliyefundisha chuo cha ualimu Whitewater, Wisconsin, alichoka na mtumishi aliyekuwa akiingia darasani kila saa kuangalia kama wanafunzi wanaona baridi, kisha kwenda kurekebisha moto. Mwaka 1883 akapata hataza ya kifaa cha umeme cha kutoa taarifa hiyo. Miaka 70 baadaye, 1953, kampuni ya Honeywell ikatoa kidhibiti joto cha ukutani cha duara kilichochorwa na mbunifu Henry Dreyfuss. Nikiitazama hii buluu nauona ukoo huo waziwazi.

Kasoro? Zipo, usinione nimelogwa kabisa. Mipangilio ya ndani, kama ratiba ya saa za kuwaka na kuzima, inataka simu, bluetooth na programu ya Madoka Assistant. Asiye na simu janja anabaki na vitufe vitatu. Na herufi nyingine kwenye kioo ni ndogo kwa macho ya wazee. Bei sijauliza kwa makusudi, nisiharibu asubuhi.

Tukiwa bado tunaongea, mama wa usafi akaingia na ndoo, khanga juu ya sweta, sweta juu ya khanga nyingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona humu kuna joto, nani kapika?"

Fundi akamwonyesha ukutani. Mama akafuta kidole kwenye khanga, akaangalia alama ya kujumlisha, hakuuliza swali hata moja. Akagusa. 23. Akagusa tena. 24. Akaweka ndoo chini, akavuta kiti, akakaa chini ya kibao cha hewa.

Mimi nimeaga mara mbili tayari. Mara ya kwanza nilirudi kuchukua kalamu. Sasa nadhani nimesahau daftari.