Kitufe Kinachorwa na Nani?

Lugha ya programu ya Java ilipotoka mwaka 1996, vitufe vyake havikuwa vyake. Maktaba yake ya AWT ilikuwa ikiomba tu: programu ikitaka kitufe, Windows au Mac ndiyo inayokitengeneza. Sura ilikuwa ya kienyeji kabisa, lakini AWT ikalazimika kuridhika na vile tu vilivyopatikana katika mifumo yote. Hata jedwali halikuwemo.

Maktaba iliyofuata, Swing, iliyoingia rasmi na toleo la 1.2 la Java mwishoni mwa 1998, iligeuza utaratibu huo. Inaomba dirisha tupu kwa mfumo endeshi, kisha vilivyomo ndani inajichorea yenyewe. Vazi lake la kuanzia, Metal, lilikuwa la kijivu na maandishi yaliyokolezwa, geni kila lilikokwenda. Asiyelipenda aliruhusiwa kuchagua vazi la Windows.

Matatizo yalianzia hapo, kwa sababu vazi hilo lilikuwa nakala. Kitufe cha Windows 95 kilichorwa upya kwa Java: ukingo mweupe juu na kushoto, kivuli chini na kulia. Mwaka 2001 ikaja Windows XP na vitufe vyenye kona za mviringo. Programu za Swing zikabaki na kona zake kali hadi toleo la 1.4.2, mwaka 2003. Ukimwiga mtu anayebadilika, utamfuata nyuma daima. Java 6, mwaka 2006, ndiyo iliyoacha kuiga: Swing ikaanza kuiomba Windows yenyewe ichore kitufe ndani ya dirisha la Java. Mzunguko mrefu huo, kurudi karibu na pale AWT ilipoanzia!

Tena sura ya vitufe ni jambo dogo. Bofya "Fungua" katika programu ya Swing yenye vazi la Windows: kidirisha cha kuchagua faili kinafanana na cha Windows, lakini hakina mpangilio ambao mtumiaji amezoea. Hapo ndipo anapohisi kadanganywa. Wajuzi walikiruka na kuita kile cha AWT, ambacho ni cha mfumo wenyewe.

Kwa maoni yangu, kujichorea si kosa. Kosa ni kujifanya. IntelliJ IDEA, programu ya kuandikia msimbo, imejengwa juu ya Swing na kwa miaka mingi ilivaa vazi lake jeusi la Darcula bila kujisingizia kuwa Windows, na waandishi wa programu wanaipenda. Ila kwenye Mac, ukitaka kufungua mradi, inakuletea kidirisha cha Apple.