Pongezi kwa wapigapicha wa nyuzi 360

Picha ya kawaida huficha kilicho nyuma ya mpigaji; picha ya nyuzi 360 haina nyuma, na kwa uaminifu huo mafundi wake wanastahili pongezi. Fundi huizungusha kamera lenzi ikibaki palepale, kwani ikihama kidogo, vitu vya karibu havitaungana na vya mbali. Kisha programu hushona vipande kuwa picha moja ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo. Mwaka 2014 Google na Taasisi ya Jane Goodall waliwaonyesha walimwengu vijia vya hifadhi ya Gombe, Kigoma, kwa njia hii. Utaambiwa simu hufanya hayo yote. Hufanya, na mishono huonekana! Pingamizi zito ni faragha: kata ya Nsemulwa, hapa Mpanda mkoani Katavi, si hifadhi kama Gombe; ina nyuso na milango ya watu. Ni kweli, ndiyo maana nyuso hufifishwa kabla ya kuchapisha. Lakini tukizikataa picha hizi kabisa, mgeni ataendelea kuijua Katavi kwa viboko wa mto Katuma hifadhini, asijue kwamba jirani na hifadhi kuna mji wenye watu na shughuli zao.