Kinga ya karboni, nguvu ya nani?

Wandugu, video zinazunguka zinasifu kinga za karboni: nyepesi, nguvu kupita chuma. Kilo kwa kilo, ni kweli. UCI, chama cha dunia cha mbio za kinga, inakataza kinga ya mashindano kushuka chini ya kilo 6.8, na karboni inafika pale bila shida. Lakini ile nguvu imepimwa kwa mutu mumoja juu ya kiti, si kwa mifuko ya viazi ya Masereka inayoteremuka Butembo.

Video hazisemi namna kadre inakufa. Chuma kizuri kinapinda kwanza, ao kinaonyesha ufa pembeni ya sudure. Mwenye muzigo anashuka, anasukuma. Karboni ikigongwa na jiwe inaweza kuumia ndani, rangi ingali safi, kisha inakatika mara moja, pa muteremuko. Na fundi? Wa sudure yuko hata pa soko ya kijiji. Chukudu nayo ni vile: muti ukivunjika, unapigilia mwengine.

Chuma kina kutu, na bomba za bei ndogo zinapasuka mbio, sikatai. Ila mukulima akiniuliza, pesa ya karboni aiweke kwa mbegu.