Weupe Ulioamuliwa: Jinsi ya Kuipima Chapa ya Mbao na Lino

Pakaza wino ubao ambao haujaguswa na patasi, uuchape kwenye karatasi, na utapata mstatili mweusi basi. Kila kitu kingine unachokiona kwenye chapa, uso wa makanga aliyening'inia mlangoni, taa za matatu, mabati ya Kayole yakimeremeta saa sita mchana, kimepatikana kwa kuondoa. Mchapaji hachori weusi. Weusi anao tangu mwanzo. Anachokifanya ni kuamua mwanga uingie wapi. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya chapa yoyote ni hili: je, weupe huu uliamuliwa, au umetokea tu?

Sisi tuliofika kwenye mbao na lino (linoleamu) kutoka uchoraji wa vielelezo tunalijua swali hilo kwa uchungu wa vidole. Penseli husamehe. Patasi haisamehi, na kwa sababu hiyo chapa humwanika aliyeichonga kuliko mchoro wowote. Anayejua kuitazama ataona palipokuwa na uhakika na palipokuwa na kubahatisha.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ni mahali pazuri pa kujifunzia jicho hilo. Buruburu Institute of Fine Arts, chuo ambacho wengi hukiita BIFA, kimelea wasanii wengi wa Nairobi, akiwemo Dennis Muraguri, anayejulikana sana kwa chapa zake za mbao za matatu. Mwaka 2013 Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku walianzisha Brush Tu Art Studio papo hapo Buruburu. Upande wa Mukuru, Wajukuu Art Project ilifika hadi Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta ya mwaka 2022. Nayataja haya mapema ili tukubaliane jambo moja: kazi ya mitaa hii haiombi huruma. Anayeisifu chapa kwa sababu aliyeichonga anaishi Dandora bado hajaitazama. Tuitazame basi, hatua kwa hatua.

Anza mbali

Simama hatua kadhaa kutoka ukutani, ufinye macho hadi mambo madogo yapotee. Kinachobaki ni mafungu mawili, jeusi na jeupe. Katika chapa nzuri mafungu hayo peke yake yanakueleza habari: huyu ameketi, yule anaondoka, gari limeinama kwenye kona. Ikiwa picha inageuka ukungu wa madoa yaliyolingana ukubwa, mchongaji alianza na urembo kabla ya umbo.

John Muafangejo wa Namibia, aliyeishi kati ya 1943 na 1987, ni mwalimu mzuri wa somo hili. Chapa zake za lino zimejaa watu, wanyama na maneno, lakini ukiwa upande wa pili wa chumba bado unatambua nani anasimama wapi. Peterson Kamwathi wetu, aliyezaliwa 1980, alijulikana mapema kwa chapa kubwa za mbao, zikiwemo za mafahali. Fahali ni fungu moja zito la weusi, na uzito huo unaufahamu kabla hujaanza kusoma mistari.

Sogea karibu: weupe wa aina mbili

Upo weupe mpana, uliosafishwa hadi pasibaki kitu, na upo weupe wa mistari, unaopita ndani ya weusi. Kila mmoja una mtego wake.

Katika weupe mpana, patasi huacha matuta madogo ambayo hushika wino na kuchapika kama mikwaruzo. Wachapaji wengi huipenda mikwaruzo hiyo kwa sababu inaifanya kazi ionekane ya mkono. Wengine huiacha yote bila kuchagua, na hapo ndipo mwanafunzi hujulikana. Jaribio ni rahisi: ziba mikwaruzo kwa kidole gumba. Picha ikipungukiwa na kitu, labda mwelekeo wa upepo au mteremko wa barabara, basi iliachwa kwa kusudi. Isipopungukiwa, ni takataka iliyosahaulika.

Weupe wa mistari ndio unaozaa kijivu. Penseli hutoa kijivu bure, unapunguza tu nguvu ya mkono. Ubao hauna kijivu hata chembe. Kinajengwa kwa mistari inayokaribiana na kuachana, minene kuelekea kwenye mwanga, myembamba kuelekea kivulini. Tazama bega la mtu au tangi la maji juu ya ghorofa. Mistari ikifuata mviringo wake na kukonda taratibu, mchongaji alikielewa kitu chenyewe. Ikiwa imenyooka yote na unene wake ni mmoja, alikuwa anajaza nafasi.

Mtihani wa nyaya na mabati

Mitaa yetu ina mitihani yake, na mkubwa ni nyaya za stima. Angalia jinsi zilivyochongwa. Waya mweupe juu ya anga jeusi ni mkato mmoja tu: unasukuma patasi na umemaliza. Waya mweusi juu ya anga jeupe ni kazi nyingine kabisa. Inabidi anga lote liondolewe huku na huku hadi ubaki ukingo mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, nao usimame bila kuvunjika chini ya uzito wa mashine ya kuchapia au mgandamizo wa kijiko kinachosugua karatasi. Ili usimame, kuta zake lazima ziteremke kwenda nje. Patasi ikila kwa ndani, ukingo utamomonyoka baada ya nakala chache, na waya utaonekana umekatika katika nakala za mwisho huku ukiwa mzima katika za mwanzo.

Simaanishi kwamba anga jeusi ni uvivu. Usiku wa Kariobangi unastahili anga jeusi. Ila msanii ambaye kila chapa yake ni ya usiku, hata ile ya soko saa nne asubuhi, huenda anaukwepa mchana kwa sababu mchana unachosha mkono.

Mabati nayo hupima pumzi. Mistari sambamba mingi, mirefu, isiyogusana, haivumilii haraka. Mkono uliochoka huonekana mara moja: mstari unapinda, patasi inateleza na kukata mgongo wa bati. Fundi mzoefu hukata mistari hiyo akiuzungusha ubao badala ya kuzungusha kiwiko, na daima husukuma patasi mbali na mkono unaoushikilia ubao.

Herufi hazidanganyi

Chapa hugeuza kila kitu. Kinachochongwa kushoto hutokea kulia, kwa hiyo maneno huchongwa kinyume. Ukitaka kupima umakini, soma ubavu wa matatu iliyochapwa. UMOJA huwahadaa wengi: U, M, O na A hazibadiliki zikigeuzwa, kwa hiyo mchongaji akishaandika AJOMU ubaoni hujiona amemaliza, na J peke yake ndiyo inayobaki kutazama upande usio wake. KAYOLE ni ngumu zaidi, kwa kuwa K, L na E zote zinahitaji kugeuzwa.

Lakini herufi kuelekea upande wake ni kiwango cha chini tu. Angalia nafasi zilizo ndani ya O na A. Je, zina uzito sawa na nafasi zilizo kati ya herufi? Maandishi ya nganya, yaani matatu zilizorembwa, za Eastlands yana madaha yake, yanainama, yanavimba, yanatupa kivuli. Mchongaji aliyeyatazama kwa makini barabarani ataiga madaha hayo. Asiyeyatazama atachonga herufi za bango la kanisa ubavuni mwa matatu ya njia namba 58.

Wino

Sehemu nyeusi iwe nyeusi sawasawa. Madoadoa meupe yaliyotawanyika humaanisha wino ulikuwa haba au mgandamizo hafifu. Wino ukizidi, mistari myembamba huzibwa na kingo huvimba. Mchapaji mzuri husikiliza rola juu ya kioo: wino uliokaa sawa hutoa sauti ndogo ya kuchachatika, kama mafuta yanayoanza kupokea mandazi. Sauti ya kunatanata na kuvutana ni dalili kwamba umezidi.

Tazama pia vidoa vyeupe vyenye duara linalokizunguka kila kimoja. Hivyo ni vumbi au unywele ulioketi juu ya ubao. Karibu na barabara yenye malori na vumbi hili haliepukiki kabisa, ila mchapaji makini hufuta ubao kabla ya kila nakala, na nakala zilizoharibika huzitenga. Katika baridi ya Julai wino wa mafuta huchukua muda mrefu kukauka. Alama ya kidole pembezoni ni ya mtu aliyekosa subira.

Rangi zaidi ya moja

Njia ya kupunguza ubao ndiyo inayotisha zaidi. Ubao mmoja huchapwa rangi nyepesi, huchongwa tena, huchapwa rangi inayofuata juu ya ile ya kwanza, na kuendelea hadi rangi ya giza. Kila hatua huiua iliyotangulia, hivyo nakala haziwezi kuongezwa baadaye. Picasso aliitumia kwa lino kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950, na jirani zetu wa Uganda wanaye Fred Mutebi, aliyeifanya njia hii kuwa lugha yake katika mbao.

Hapa tazama mipaka ya rangi. Ukiona ukanda mwembamba wa karatasi, au rangi moja imepanda juu ya nyingine mahali pasipostahili, karatasi haikuketi palepale kila mara. Kupishana kidogo kunavumilika, hata kunapendeza kukienda upande mmoja picha nzima. Kukibadilika kutoka nakala hadi nakala, ni uzembe. Kisha jiulize kila rangi imeleta nini. Rangi tano zinazofanya kazi ya mbili ni hasara ya wino.

Geuza karatasi

Omba ruhusa, kisha tazama mgongo. Chapa iliyosuguliwa kwa mgongo wa kijiko au mwiko huacha mng'aro na mapito ya duara nyuma ya karatasi. Hiyo si kasoro. Wengi hawana mashine, na mkono uliosugua kwa makini hutoa weusi mzito usioshindwa na mashine. Kilicho muhimu ni kwamba mapito hayo yafike kila pembe.

Karatasi yenyewe ni nusu ya thamani. Karatasi ya manila ni ya mazoezi. Baada ya miaka michache ikikaa juani itageuka njano na kukatika kwenye mikunjo. Karatasi ya pamba isiyo na asidi hudumu. Mwanafunzi anayechapa kwenye manila na kusema wazi kwamba ni manila ni mwaminifu. Anayeiuza kwa bei ya pamba anakuibia.

Penseli chini ya picha

Kwa desturi, chini ya picha huandikwa kwa penseli: kushoto namba ya nakala, katikati jina la kazi, kulia sahihi. Namba 3/20 ina maana ya nakala ya tatu kati ya ishirini. Herufi A/P huashiria nakala za msanii mwenyewe, ambazo ni chache. A/P zikiwa nyingi kuliko toleo lenyewe, uliza maswali.

Uliza zaidi ikiwa kazi inang'aa kama jarida. Siku hizi mchoro wa rangi hupigwa picha, hutolewa kwa printa, hutiwa sahihi na kuuzwa kwa jina la chapa. Kuza kwa kamera ya simu. Vidoti vidogo vya rangi ni vya printa. Chapa ya ubao ina wino uliolala juu ya karatasi, na kwenye kingo za mistari huwa na ukingo mzito kidogo pale mgandamizo ulipousukuma.

Kupima mkono unaokua

Mwanafunzi hapimwi kwa chapa moja. Mwombe akuonyeshe chapa zake za majaribio, zile anazovuta kabla ya kumaliza kuchonga. Hapo ndipo maamuzi yanaonekana: hapa anga lilikuwa jeusi, akalifungua, hapa uso ulikuwa na mistari mingi, akaacha kabla haujachanika. Mwanafunzi asiye na chapa za majaribio ama ana kipaji cha ajabu, ama anachonga huku akiomba Mungu. Mwombe pia daftari la michoro. Aliyekaa stendi ya Donholm akichora watu wanaosubiri gari ataleta ubaoni mikono, mabega na mizigo ya watu halisi. Aliyenakili kutoka kwenye simu ataleta sura zinazofanana.

Mwisho, msimamo wangu ni huu. Chapa yenye umbo hai na wino wenye kasoro ndogo inunuliwe. Chapa iliyochapwa bila doa huku weupe wake ukiwa umetokea tu iachwe ukutani, hata kama fremu yake ni ghali. Ukiingia studio, omba kuonyeshwa ubao wenyewe, upitishe kidole juu ya mikato, ujionee kilichoondolewa. Na ukishaipata kazi ambayo weupe wake umeamuliwa, lipa bei iliyotajwa, wala usimwambie fundi akupunguzie eti kwa kuwa ni karatasi tu.