Brussels ilivyoichezea herufi A

Niseme mapema, maana wasomaji wa safu hii mnanijua: uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2010 wa kupachika A+++ kwenye lebo ya matumizi ya umeme ya friji ulikuwa mbovu, na friji za mtumba zinazoshuka Mombasa na Dar es Salaam bado zinatuletea stika zake.

Mnaikumbuka lebo ya kwanza, ile ya katikati ya miaka ya 1990. A hadi G, kijani juu, nyekundu chini, basi. Viwanda vikanenepesha kuta, vikaboresha kompresa, soko zima likapanda. Kazi safi, sina neno. Hapo ndipo ngazi ilipotakiwa kusogezwa, A ya jana iwe D ya leo. Wenye viwanda hawakutaka mali waliyoinadi kwa A ishushwe daraja, na Brussels ikawasikiliza. Mwaka 2003 zikaja A+ na A++. Mwaka 2010, nafasi ya kusahihisha ikiwa mezani, wakaongeza alama ya tatu!

Tazameni hesabu. Friji ya kawaida ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipewa 100, na namba ndogo ndiyo bora. A ilikuwa chini ya 55, B chini ya 75. Sasa A+ ikaishia 42, na A+++ sharti iwe chini ya 22. Maana yake friji ya A+ iliweza kula umeme karibu mara mbili ya A+++ ya ukubwa uleule. Pengo hilo ni kubwa kuliko la A na B, lakini limefichwa ndani ya vijialama viwili ambavyo mnunuzi havioni. Yeye anaona A na A. Halafu kuanzia Julai 2012 friji mpya ya kompresa iliyo chini ya A+ haikuruhusiwa kuingia sokoni kwao. Lebo ikabaki na ngazi saba, nne za chini tupu, na friji mbovu kuliko zote dukani imevaa kijani. Watu wazima walikaa kikao wakapitisha hili.

Na tukiwa hapohapo: friza ya nofrosti ilipewa nyongeza, ujazo wake ukizidishwa kwa 1.2 kwenye hesabu, hivyo ikaruhusiwa umeme zaidi. Nimeshailalamikia sana ile hita yake ya kuyeyusha barafu ndani ya chombo cha kupoza. Kumbe ilikuwa ikibebwa na kanuni yenyewe.

Art Rosenfeld asingekubali. Mwanafizikia yule wa California hakumwachia mama mwenye nyumba kazi ya kufumbua herufi. Alisaidia kulishawishi jimbo lake liweke kikomo cha matumizi katikati ya miaka ya 1970, na baadaye serikali kuu ikafuata. Friji ya Kimarekani iliyokuwa ikila kama yuniti (kWh) 1,800 kwa mwaka ikashuka chini ya 500 baada ya kanuni za 2001, huku ikizidi kuwa kubwa. Hakuna alama ya kujumlisha hata moja.

Machi 2021 Brussels ilirudi kwenye A hadi G. Vizuri.

Lakini friji ya mtumba inakuja na stika ya zamani, na muuzaji anakuonyesha ile A+ kwa kidole. Ipite, soma kWh za mwaka zilizoandikwa chini yake. Hata hizo zilipimwa kwenye chumba cha nyuzi 25, mlango umefungwa. Jiko la Dar likiwa nyuzi 32, joto linalopenya kwenye kuta linazidi kwa zaidi ya theluthi. Friji iliyoandikwa 300, yaani 25 kwa mwezi, hapa inakaribia 34 kabla mtoto hajafungua kuchukua maji. Na hapa Tanzania mteja wa D1, daraja la umeme la matumizi madogo ya nyumbani, ana yuniti 75 tu kwa mwezi za shilingi 100, kodi kando, na ya 76 inaruka hadi 350.